London hadi Sydney kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali na muda wa safari

Uliza watu watatu London hadi Sydney ni saa ngapi kwa ndege. Wa kwanza atakwambia 19, wa pili 23, wa tatu 33, na hakuna aliyekosea kusoma. Wa kwanza amehesabu ndege inayoruka bila kutua popote. Wa pili amehesabu safari ya kawaida yenye kituo njiani. Wa tatu ameshika tiketi yake, akatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, akasahau kwamba saa ya Sydney iko mbele ya ya London. Maswali mengi yaliyo hapa chini yanatokana na mkanganyiko huo, kwa hiyo kabla ya kubishania namba, jua kwanza unauliza muda upi.

## Mambo ya msingi

1. Kutoka London hadi Sydney ni kilomita ngapi kwa ndege?

Ni takriban kilomita 17,016, zikipimwa kutoka uwanja wa Heathrow (LHR) hadi uwanja wa Kingsford Smith (SYD) kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Kwa maili za nchi kavu ni kama 10,570. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia, ni kama 9,190.

Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, hivyo hakuna miji miwili inayoweza kuachana kwa zaidi ya nusu yake, yaani 20,000 na ushei. London na Sydney zinafika asilimia 85 ya kiwango hicho. Ukichimba shimo London likapita katikati ya dunia, utatokea baharini kusini-mashariki mwa New Zealand, karibu na visiwa vidogo vilivyopewa jina la Antipodes kwa sababu hiyo hiyo.

2. Safari inachukua saa ngapi?

Ukipitia kituo kimoja na ndege zikiungana vizuri, ni saa 22 hadi 24 tangu ndege iache London mpaka isimame Sydney. Katika hizo, kama 21 uko angani na zilizobaki unasubiri kituoni. Kurudi London huwa kurefu zaidi kidogo (tazama swali la 10).

Huo ni muda wa ndege. Mtu anayetoka nyumbani ana mambo mengine: kufika uwanjani mapema, ukaguzi, foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, usafiri wa kuingia mjini. Ukipanga saa 28 hadi 30 kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa mwenyeji wako, hutajidanganya.

3. Je, kuna ndege ya London hadi Sydney isiyotua popote?

Kwa abiria wa kununua tiketi, hadi sasa hakuna. Safari hiyo imewahi kurukwa mwaka 1989 na tena 2019, lakini zilikuwa safari maalumu (maswali ya 18 na 19).

Kinachoikaribia ni London hadi Perth. Tangu Machi 2018 shirika la Qantas linaruka kati ya miji hiyo bila kutua kwa Boeing 787-9: kilomita 14,500 hivi, karibu saa 17 angani. Tatizo ni kwamba Perth iko pwani ya magharibi ya Australia na Sydney iko ya mashariki. Ukishuka Perth umefika nchini, lakini bado una kilomita 3,280 na saa nne nyingine za ndege.

4. "Safari ya moja kwa moja" na "safari bila kutua" si kitu kimoja?

Sivyo, na ndipo wengi wanapojikuta wamenunua wasichokitaka. Katika lugha ya mashirika ya ndege, safari ya moja kwa moja ni ile inayobaki na namba moja ya safari tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama inatua njiani kujaza mafuta, kushusha watu na kupakia wengine. Safari ya Qantas namba QF2 kutoka London hadi Sydney inatua Singapore. BA15 ya British Airways nayo hutua huko huko. Zote mbili utaziona zikiitwa za moja kwa moja.

Ukitaka uhakika, usisome maneno. Angalia idadi ya vituo. Ikiandikwa 0 ndiyo haitui, ikiandikwa 1 inatua, haidhuru neno lililotumika kuipamba.

## Umbali na njia

5. Kwa nini kila tovuti inanipa umbali tofauti?

Kuna inayopima katikati ya mji hadi katikati ya mji, na kuna inayopima uwanja hadi uwanja. Heathrow iko kilomita 20 na kitu magharibi mwa kitovu cha London; uwanja wa Sydney uko kama 8 kusini mwa mji. Wengine huichukulia dunia kama mpira wa duara kamili, wengine huzingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Na wapo wanaochanganya maili za nchi kavu (kilomita 1.609) na za baharini (kilomita 1.852), hilo ndilo kosa linalozaa tofauti kubwa za ajabu.

Tofauti ya kilomita 20 au 30 haina maana yoyote kwa msafiri. Ndege ikiwa katika mwendo wake wa kawaida huzimaliza kwa dakika mbili. Tofauti yenye maana ni ile ya njia inayorukwa kweli. Safari ya majaribio ya mwaka 2019 ilikata kilomita 17,800 hivi, kwa sababu rubani hafuati uzi. Anafuata njia za anga zilizopangwa, upepo ulivyo siku hiyo, na ruhusa za nchi zilizo chini yake.

6. Mbona mstari kwenye skrini ya ndege unapanda kaskazini, wakati Sydney iko kusini?

Ramani ndiyo inayopotosha. Dunia ni mviringo, na ukiilaza juu ya karatasi lazima sehemu fulani zivutwe. Chukua tufe la dunia na uzi, bana ncha moja London na nyingine Sydney, kisha uvute ukaze. Uzi utajipanga wenyewe kwenye njia fupi kuliko zote, inayoitwa duara kuu, na utaona umepanda kwanza kabla ya kushuka.

Njia hiyo inatoka London ikielekea kaskazini-mashariki, inavuka Bahari ya Kaskazini, inapita kaskazini mwa Ujerumani karibu na Kiel, kisha Latvia, halafu kaskazini kidogo mwa Moscow. Hapo ndipo inapofika juu kabisa, nyuzi 57 hivi za kaskazini, kuliko London yenyewe iliyo kwenye 51 na nusu. Kutoka hapo inashuka kupitia Kazakhstan, inaikata China toka magharibi hadi kusini, inaingia Bahari ya China Kusini, inapita kusini mwa Ufilipino, inavuka ikweta mashariki mwa Indonesia na kuingia Australia kwa upande wa kaskazini. Hiyo ni njia ya kwenye uzi. Kwa nini ndege nyingi haziifuati, soma swali la 8.

7. Kupitia kituo kipi ndiyo njia fupi?

Ukijumlisha vipande viwili vya kila njia, unapata takriban hivi: kupitia Hong Kong kilomita 17,040, Singapore 17,170, Dubai 17,540, Doha 17,600, Perth 17,780. Kupitia Los Angeles, yaani kuzunguka upande wa pili wa dunia, ni kama 20,830.

Ziangalie tena namba hizo. Singapore inaongeza kilomita 150 tu juu ya njia fupi kabisa, na hata Dubai, ambayo kwenye ramani inaonekana iko pembeni mno, inaongeza kama 520, sawa na dakika 35 za kuruka. Sababu ni umbali wenyewe. Kadiri miji miwili inavyokaribia kuwa pande mbili zinazokabiliana za dunia, ndivyo njia zake zinavyozidi kufanana urefu. Ingekuwa Sydney iko pale hasa London ingetokea kwa shimo la swali la 1, ungeweza kuondoka kwa upande wowote, mashariki, magharibi au kupitia ncha ya kusini, na umbali ungekuwa ule ule.

Kwa hiyo ushauri wangu: usichague kituo kwa kuangalia kilomita. Chagua kwa saa za kusubiri na kwa namna unavyotaka safari igawanyike. Singapore huigawa kama saa 13 na 8. Dubai na Doha huigawa 7 na 14. Perth huigawa 17 na 4. Kuna mtu anayetaka kipande kirefu kwanza akalale, na kuna asiyeweza kukaa saa 17 kwenye kiti hata kwa kulipwa.

8. Kufungwa kwa anga ya nchi fulani kunaongeza muda?

Ndiyo, na si kidogo. Tarehe 25 Februari 2022 Urusi iliyafungia mashirika ya ndege ya Uingereza anga yake, kama jibu la Uingereza kuifungia Aeroflot, shirika la ndege la Urusi, siku moja kabla. Tangu hapo njia ya uzi ya swali la 6 haipatikani kwa ndege za Uingereza. Zinashuka kusini zaidi, kupitia Uturuki au nchi za Kaukasi na Asia ya Kati. Aliyeumia zaidi ni anayepitia Hong Kong au Tokyo. Njia ya Singapore nayo imeguswa, ila kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ilikuwa tayari ya kusini.

Mashariki ya Kati ikichafuka, ndipo hata njia ya kusini inapobana. Aprili 2024 Qantas ilikwepa anga ya Iran, na ndege yake ya Perth hadi London ikalazimika kutua Singapore kujaza mafuta. Ile ya London hadi Perth iliendelea kuruka bila kutua. Ndege ni aina ile ile na miji ni ile ile. Kilichotofautisha ni upepo.

9. Je, hii ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani?

Ikianza bila kutua, itakuwa. Kwa sasa safari ndefu kuliko zote zenye ratiba ni ya Singapore Airlines kati ya Singapore na uwanja wa JFK wa New York, kilomita 15,300 hivi, karibu saa 19.

## Muda wa kuruka

10. Kwa nini kwenda Sydney ni haraka kuliko kurudi London?

Juu, kwenye kimo cha mita 9,000 hadi 12,000 ambako ndege za abiria husafiri, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ipo kaskazini mwa ikweta na ipo kusini pia. Anayetoka London kwenda Sydney anausafiria, anayerudi anakutana nao uso kwa uso.

Kasi ya ndege hupimwa dhidi ya hewa, lakini wewe unasafiri juu ya ardhi. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa inayosogea mbele kwa 100 inaikata ardhi kwa 1,000. Ikigeuka kukabili upepo huo huo, inaikata kwa 800. Kwenye njia ya Perth tofauti kati ya kwenda na kurudi huwa kama dakika 45 hadi saa nzima, na majira ya baridi ya kaskazini, upepo unapokolea, huweza kupanuka zaidi.

11. Naweza kukadiria muda mwenyewe?

Bila shida. Gawa kilomita kwa 900, kisha ongeza dakika 40 za kuondoka uwanjani, kupanda, kushuka na kutua. London hadi Singapore, kilomita 10,880: saa 12 na dakika 5, ongeza 40, unapata 12 na dakika 45. Ratiba za sasa ziko juu kidogo ya hapo kwa sababu za swali la 8. Singapore hadi Sydney, kilomita 6,290: saa 7 ongeza 40, na ratiba kweli hucheza karibu na saa 7 na dakika 45.

Kanuni hii huchechemea kwenye safari fupi. Humo ndege haipati muda wa kukaa kwenye mwendo wake kamili.

12. Muda ulioandikwa kwenye ratiba unaanza kuhesabiwa wapi?

Unaanza ndege inapoachia mlango wa kupandia abiria na kuisha inaposimama mlangoni kule iendako. Foleni ya kusubiri kuruka Heathrow imo ndani. Kuzunguka angani kusubiri nafasi ya kutua kumo ndani. Mashirika huongeza pia akiba ya dakika kadhaa, ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba "tumechelewa kuondoka lakini tutafika kwa wakati." Hajakanyaga mafuta. Akiba ndiyo iliyoliwa.

13. Niache saa ngapi za kuunganisha ndege kituoni?

Kwa tiketi moja, hata saa moja na nusu huwa inatosha kwenye viwanja vilivyozoea wapita njia, kama Singapore, Doha na Dubai, kwa sababu mizigo huhamishwa bila wewe kuigusa. Mimi nisingeshuka chini ya saa mbili.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni habari nyingine kabisa. Hapo shirika la pili halikujui. Huenda ukalazimika kuingia nchini, kuchukua mizigo, kuipeleka upya na kukaguliwa tena, na visa ya nchi hiyo ikahitajika hata kama huna haja nayo. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na hakuna wa kukulipa. Acha saa tano au sita, au lala hapo usiku mmoja.

## Saa na tarehe

14. Tofauti ya saa kati ya London na Sydney ni ngapi?

Ni 9, 10 au 11 kutegemea mwezi, na Sydney ndiyo iliyo mbele daima. Miji yote miwili husogeza saa mbele majira ya joto, lakini joto la mmoja ni baridi la mwingine, hivyo tofauti hupanuka na kufinyika.

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Sydney iko mbele kwa saa 11. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Aprili hadi Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ni saa 9. Kati ya hapo kuna vipindi viwili vifupi, mwisho wa Machi na sehemu kubwa ya Oktoba, ambapo mji mmoja umeshabadilisha na mwingine bado: hapo ni saa 10. Ukipanga kupiga simu au kupokelewa uwanjani katika wiki hizo, hakikisha mara mbili.

15. Nikiondoka London saa fulani, nitafika Sydney lini?

Ongeza muda wa safari kwanza, halafu ongeza tofauti ya saa. Tuseme unaondoka tarehe 10 Januari saa 20:30, na safari yote ni saa 22 na nusu. Kwa saa ya London utakuwa umefika tarehe 11 saa 19:00. Ongeza 11: unatua Sydney tarehe 12 saa 06:00. Kwenye tiketi zimepita saa 33 na nusu na siku mbili za kalenda. Huyu ndiye yule mtu wa tatu wa mwanzo.

Kurudi, toa badala ya kuongeza. Ukiondoka Sydney tarehe 20 Januari saa 16:00 kwa safari ya saa 24, unafika tarehe 21 saa 16:00 kwa saa ya Sydney, yaani 05:00 alfajiri London. Tiketi itaonyesha kama safari ya saa 13. Usishangilie.

16. Tiketi imeandikwa 00:30 tarehe 15. Niende uwanjani usiku wa lini?

Usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15. Uwe umefika uwanjani saa tatu au tatu na nusu usiku wa tarehe 14.

Swali hili linamhusu hasa anayehesabu saa kwa Kiswahili. Kwetu siku inaanza kucha, na usiku unahesabiwa mfululizo toka saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi bila kukatika katikati. Kwenye tiketi siku inakatika saa sita usiku kamili, na tarehe inageuka hapo hapo. Basi saa sita na nusu usiku, ambayo kwa fikra zetu bado ni "usiku wa jana," kwa shirika la ndege ni nusu saa ndani ya siku mpya. Anayekwenda uwanjani usiku wa tarehe 15 amechelewa kwa siku nzima.

Kugeuza saa ya tiketi kuwa ya Kiswahili: kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita, kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita, kuanzia 19:00 kwenda mbele toa kumi na nane. Hivyo 20:30 ni saa mbili na nusu usiku, na 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Ukimtumia mwenyeji saa ya kukupokea, mwandikie zote mbili.

17. Je, nitavuka mstari wa kimataifa wa tarehe?

Ukipitia Asia au Mashariki ya Kati, huuvuki kabisa. Unapita kwenye kanda za saa moja baada ya nyingine. Ukipitia Amerika unauvuka Pasifiki. Kutoka Los Angeles kwenda Sydney kuna siku ya kalenda utakayoiruka kana kwamba haikuwepo, na ukirudi kwa njia hiyo unaweza kutua Los Angeles saa kadhaa "kabla" ya ulivyoondoka Sydney, tarehe ile ile. Mwenye siku ya kuzaliwa apange kwa uangalifu.

## Ilivyokuwa na itakavyokuwa

18. Zamani safari hii ilichukua muda gani?

Mwaka 1919 serikali ya Australia iliahidi pauni 10,000 kwa Waaustralia wa kwanza kuruka kutoka Uingereza hadi nchini mwao kwa siku zisizozidi 30. Ndugu wawili, Ross na Keith Smith, pamoja na mafundi wao wawili, waliondoka Hounslow, karibu na ilipo Heathrow leo, tarehe 12 Novemba kwa ndege aina ya Vickers Vimy, wakatua Darwin tarehe 10 Desemba. Darwin tu, Sydney ilikuwa bado mbali.

Abiria walianza mwaka 1935, Brisbane hadi London kwa siku kumi na mbili na nusu, wakibadilisha ndege njiani na hata kupanda treni sehemu fulani. Tarehe 1 Desemba 1947 Qantas ilianza kuruka Sydney hadi London kwa Lockheed Constellation yenye abiria 29: siku nne, kupitia Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Njia hiyo iliitwa ya kangaruu, kwa sababu ya kurukaruka kwake.

Kasi kubwa zaidi haikuja na ndege za leo. Februari 1985 Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ilitoka London hadi Sydney kwa saa 17 na dakika chache, vituo vya kujaza mafuta vikiwemo ndani. Hakuna ndege ya abiria ya sasa inayoweza hivyo.

Safari ya kwanza bila kutua ilikuwa Agosti 1989. Qantas ilipokea Boeing 747-400 mpya na kuirusha London hadi Sydney kwa saa 20 na dakika 9. Ilibeba watu wachache mno, mafuta maalumu mazito kutoka Ujerumani, na ilivutwa hadi karibu na njia ya kurukia ili isichome tone kabla ya wakati.

19. Kwa nini iliwezekana 1989 lakini haijawa safari ya kila siku?

Kwa sababu ya uzito. Ndege inayokwenda mbali lazima ibebe mafuta mengi, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kuyabeba mafuta yenyewe. Kila abiria na sanduku lake vinadai mafuta yao. Ndege tupu inafika, iliyojaa haifiki. Hata majaribio ya Novemba 2019 ya Boeing 787-9, yaliyochukua saa 19 na dakika 19, yalibeba watu 50 hivi kwenye ndege ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya 230.

Mwezi Mei 2022 Qantas iliagiza Airbus A350-1000 kumi na mbili zenye tanki la ziada la lita 20,000, zinazoweza kukaa angani hadi saa 22. Viti vitakuwa 238, ilhali mashirika mengine huweka zaidi ya 300 kwenye ndege ya aina hiyo. Shirika limesema linalenga kuanza mwaka 2027. Tarehe zimeshasogezwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usinunue zawadi mapema.

## Maswali ya pembeni

20. Kwa nini ndege hazitui Sydney usiku wa manane?

Sheria ya mwaka 1995 inaufunga uwanja wa Kingsford Smith kati ya saa 23:00 na 06:00 ili wakazi walale, isipokuwa kwa idadi ndogo ya ndege zenye ruhusa. Ndiyo sababu ndege nyingi za masafa marefu hufika kwa kishindo kimoja alfajiri, na ndiyo sababu foleni ya uhamiaji saa hizo ni ndefu. Ndege ikichelewa kuondoka Sydney jioni na saa 23:00 ikapita, safari huweza kuahirishwa hadi asubuhi.

21. Mwili utachukua siku ngapi kuzoea?

Kwa makadirio ya kawaida, siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, ingawa wengi hupata nafuu mapema zaidi. Mchana wa London ni usiku wa Sydney karibu kabisa, hivyo ukifika asubuhi mwili unadai kulala. Toka nje upate mwanga wa jua, na usilale mchana kwa zaidi ya nusu saa.

Njiani, inuka utembee. Kukaa bila kujinyoosha kwa saa nne na zaidi huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mwenye historia ya tatizo hilo, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kabla ya kununua tiketi.

22. Nimepata tiketi ya Sydney ya bei ndogo ajabu, na muda ni nusu ya uliotajwa hapa. Inawezekana?

Angalia herufi tatu za uwanja. Sydney ya Australia ni SYD. Kuna Sydney nyingine, mji mdogo wa Nova Scotia huko Kanada, na herufi za uwanja wake ni YQY. Tangu mwaka 2002 wameshapatikana wasafiri zaidi ya mmoja waliojaza jina la mji, wakabonyeza chaguo la kwanza, wakashtuka walipoona ndege ya kuunganishia nchini Kanada ni ndogo ya kuruka kisiwani. Wanaoanzia London nao waangalie: kuna London ya Ontario, Kanada hiyo hiyo, na uwanja wake ni YXU.